Kampuni ya ndege ikibadilisha masharti: msafiri wa Kisumu na kadi yake ya dhahabu

Swali: "Mimi ni mfanyabiashara wa Kisumu. Ninauza vifaa vya maabara kwa hospitali na zahanati za Kisumu, Kakamega na Busia, na kila baada ya miezi michache husafiri Ulaya kuonana na watengenezaji na kurudi na sampuli. Kwa miaka mingi nimetumia kampuni moja ya ndege ya huko, na nina kadi yake ya dhahabu. Sasa nimepokea barua pepe kwamba kuanzia mwaka ujao wa uanachama hawatahesabu tena safari wala umbali, bali fedha nilizolipa. Nikipiga hesabu, naona nitashuka hadi ngazi ya chini. Je, wana haki ya kufanya hivyo? Pointi zangu zaidi ya 140,000 ni mali yangu au la? Niendelee nao au nihame? Na je, ninaweza kumpa binti yangu pointi hizo?"

Jibu: Ndugu msomaji, wana haki ya kubadilisha masharti ya siku zijazo, lakini hawana haki ya kukuficha mabadiliko hayo wala kukupotosha kuyahusu. Pointi ulizo nazo, kwa mujibu wa masharti uliyoyakubali siku uliyojiunga, karibu kwa hakika si mali yako. Majibu hayo ni mafupi na ya kweli, ila hayatakusaidia kuamua iwapo uendelee au uhame mpaka tutazame jinsi mipango hii ya kuwatuza wasafiri wa mara kwa mara ilivyoanza na ni nani hasa aliyekusudiwa kunufaika nayo, kwa maana hapo ndipo utakapoona kwa nini mabadiliko haya yanamuumiza zaidi mtu kama wewe anayelipia tiketi kutoka mfukoni mwake.

Marekani ilipitisha sheria mwaka 1978 iliyoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege, na ghafla kampuni zikajikuta zinagombania abiria wale wale. Mwezi Mei 1981 American Airlines ilianzisha mpango wake wa AAdvantage, na siku chache baadaye United ikafuata na wake. Aliyelengwa alikuwa mtumishi wa shirika kubwa, ambaye tiketi yake hulipwa na mwajiri lakini yeye ndiye anayechagua ndege. Mwajiri alilipa nauli kamili, mtumishi akapata maili, yaani pointi za kupatia tiketi za zawadi, za kwenda likizo na familia yake. Umbali ulitumika kama kipimo kwa sababu ulikuwa rahisi kuhesabu na, kwa nyakati zile, ulikaribiana na bei. Wewe uliingia katika mpango huo kwa mlango mwingine: unatafuta nauli ya chini, unanunua mapema, unakaa daraja la kawaida, na unasafiri mara nyingi. Kipimo cha umbali kilikuheshimu sawa na mkurugenzi wa shirika aliyeketi mbele, na ndiyo maana ulifika dhahabu. Kampuni ziligundua zamani kwamba kipimo hicho kinawapa wanunuzi wa tiketi nafuu zaidi ya zilivyokusudia, na tangu hapo zimekuwa zikikiacha moja baada ya nyingine.

Delta ilianza kutoa maili kwa kiwango cha fedha mwaka 2015, United ikafanya hivyo mwaka huo huo, na American mwaka 2016. Mpango wa Flying Blue wa Air France na KLM, ambao Wakenya wengi waliujua kwa sababu Kenya Airways ilikuwa ikiutumia kabla ya kuwa na mpango wake wa Asante Rewards, ulibadilika mwezi Aprili 2018. British Airways ilitangaza mabadiliko yake tarehe 30 Desemba 2024 na kuyaanza tarehe 1 Aprili 2025. Kwa hiyo barua uliyopokea ni sehemu ya mwendo mrefu, na usitarajie kwamba ukihamia kampuni jirani utaukwepa kabisa.

Tuchukue tarakimu, kwa sababu humo ndimo kilio chako kilimo. Katika utaratibu wa Flying Blue wa mwaka 2018, kila yuro moja ya nauli, bila kuhesabu kodi, ilileta maili 4 kwa mwanachama wa ngazi ya mwanzo, 6 kwa kadi ya fedha, 7 kwa dhahabu na 8 kwa platinamu. Tuseme umelipa nauli ya yuro 500 Nairobi hadi Amsterdam, kwenda na kurudi, ukiwa na kadi ya dhahabu: unapata maili 3,500. Abiria aliyejiunga jana, ambaye shirika lake limemlipia yuro 3,000 daraja la biashara, anapata maili 12,000. Mmepanda ndege moja, mmeruka umbali ule ule wa takriban maili 8,300, na miaka yako yote ya kurudi kwa kampuni hiyo imekuongezea maili 3 tu kwa kila yuro juu ya mgeni. Hadhi ya kadi yenyewe Flying Blue hawakuipima kwa fedha wakati huo, bali kwa alama zilizotegemea umbali na daraja: safari moja ya upande mmoja kwenda Amsterdam ilikuwa alama 10 kwa daraja la kawaida na 30 kwa daraja la biashara, na kuibakiza dhahabu kulihitaji alama 180 kwa mwaka. Maana yake ni safari tisa za kwenda na kurudi ukiketi nyuma, au tatu tu ukiketi mbele.

British Airways ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa hadhi nayo ikawekewa bei. Zamani kadi yao ya fedha ilihitaji alama 600, na safari ya biashara ya Nairobi hadi London ilileta alama 140 kila upande, hivyo safari tatu za kwenda na kurudi zilitosha, hata kama ulibahatika kuzinunua wakati wa punguzo. Tangu Aprili 2025 kadi hiyo hiyo inahitaji alama 7,500, kila pauni moja unayolipa, bila kuhesabu kodi, ikiwa alama moja, na kadi ya dhahabu inahitaji 20,000. Mtu anayenunua kwa busara, tuseme pauni 1,800 kwa safari, atamaliza safari zake tatu akiwa na 5,400 na hatafika. Uhodari wake wa kutafuta bei nzuri ndio unaomwangusha. Nikiri kwamba jambo hili linaniudhi, kwa sababu ubanaji huo wa matumizi ndio unaowezesha biashara ndogo ya Kisumu kushindana na waagizaji wakubwa wa Nairobi.

Kuna sababu nyingine ambayo kampuni hazipendi kuisema kwa sauti. Pointi zimegeuka kuwa biashara inayojitegemea. Delta ilipokea kutoka kwa American Express, kampuni ya kadi za malipo, takriban dola bilioni 7.4 katika mwaka 2024, kwa ajili ya maili zinazopewa wenye kadi za kampuni hiyo na manufaa mengine ya ushirikiano wao. Mwaka 2020, ndege zilipokuwa zimeegeshwa kwa sababu ya korona, United iliweka mpango wake wa maili kuwa dhamana na kukopa dola bilioni 6.8, na Delta ikakusanya dola bilioni 9 kwa njia hiyo hiyo. Msafiri wa Marekani anayepoteza kwenye safari anaweza kufidia kwa kulipia ununuzi wa dukani na petroli kwa kadi ya benki inayoleta maili. Mfanyabiashara wa Kisumu anayepokea na kulipa kwa M-Pesa na kwa hawala za benki hana mlango huo, hivyo hasara yake inabaki nzima.

Sasa haki zako. Masharti ya karibu kila mpango yanasema pointi si mali ya mwanachama, hazina thamani ya fedha, na kampuni inaweza kubadilisha mpango au hata kuufunga. Mahakama ya Juu ya Marekani imelishughulikia jambo hili mara mbili, na hukumu zote mbili zinafaa kujulikana. Mwaka 1995, katika kesi iliyotokana na American Airlines kubadilisha masharti ya AAdvantage hata kwa maili zilizokwisha kupatikana, mahakama iliamua kwamba abiria wanaweza kudai utekelezaji wa mkataba wenyewe, yaani ahadi ambayo kampuni iliitoa kwa hiari yake. Mwaka 2014, katika kesi ya rabi mmoja aliyefutiwa uanachama na kampuni ya ndege ya Northwest, mahakama hiyo hiyo ikakataa dai lake kwamba kampuni ilikosa nia njema, kwa sababu dai hilo lilitaka kuongeza wajibu ambao mkataba haukuutaja. Ukiziweka pamoja unapata mwongozo mzuri hata kwetu, ijapokuwa hukumu hizo hazifungi mahakama za Kenya: lililoandikwa linaweza kutetewa, matarajio yako peke yake hayawezi.

Hapa Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na huduma anayonunua, pamoja na haki ya kulindiwa maslahi yake ya kiuchumi. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko kuhusu matangazo ya kupotosha. Sikushauri uende huko kwa sababu tu kampuni imepandisha kiwango cha mwaka ujao. Lakini kama uliambiwa kwa maandishi kwamba kadi yako itadumu hadi tarehe fulani na wakaikatiza kabla ya hapo, au kama walikuuzia pointi za nyongeza kisha wakapandisha bei ya tiketi za zawadi bila kukueleza, hapo una neno la kusema, na litakuwa na nguvu ukiwa umetunza barua pepe hizo. Fungua akaunti yako leo upige picha salio la pointi, ngazi yako, tarehe ya mwisho wa uanachama, na ukurasa wa masharti kama ulivyo sasa, kwa sababu ukurasa huo utabadilishwa na ule wa zamani hutauona tena kwa urahisi.

Kuhusu kuendelea au kuhama, swali la kujiuliza ni kadi hii inakupatia nini hasa katika safari inayoanzia Kisumu, na kitu hicho kingekugharimu kiasi gani ukikinunua. Ukumbi wa mapumziko ni starehe, na unaweza kuishi bila hiyo. Kwa biashara yako chenye uzito wa kweli ni begi la pili. Unaporudi na sampuli za vifaa, kifurushi kimoja cha kilo 23 hujaa kabla hujaweka nguo, na kadi ya dhahabu ndiyo inayolipitisha begi la ziada bila malipo. Chukua tiketi zako za mwaka uliopita, tafuta katika tovuti ya kampuni bei ya begi la ziada linapolipiwa mapema kupitia intaneti, si ile ya kaunta ambayo mara nyingi huwa juu zaidi, kisha uzidishe kwa idadi ya safari ulizobeba mzigo. Jumla hiyo ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya kadi yako. Ongeza kitu kidogo kwa ajili ya kupewa kipaumbele unapopangiwa ndege nyingine safari ikivurugika. Kiasi utakachopata ndicho unachoweza kukubali kulipa zaidi kwa mwaka mzima ili kubaki na kampuni hiyo. Shilingi yoyote inayozidi hapo unaitoa kwa ajili ya jina.

Hapa lazima nikae kidogo juu ya kipande cha Kisumu hadi Nairobi, kwa sababu wafanyabiashara wa eneo letu hupoteza fedha nyingi hapo kuliko wanavyopoteza kwenye pointi. Wengi hununua tiketi ya Ulaya inayoanzia Nairobi, kisha hununua kando tiketi nafuu ya ndani. Mara nyingi hesabu ya bei huwa sawa, ila zingatia kinachotokea alasiri moja ya mvua ya radi kutoka ziwani, ndege ya Kisumu inapochelewa kuondoka. Tiketi zikiwa mbili tofauti, kampuni ya safari ndefu haina wajibu kwako wala haitakusubiri. Kwake umekosa ndege kama mtu aliyechelewa kuamka. Mzigo nao hupimwa mara mbili kwa kanuni mbili, na kampuni za nauli nafuu, kama Jambojet iliyoanza safari mwaka 2014 ikiwa tanzu ya Kenya Airways, huendesha biashara kwa mtindo ambao huduma nyingi hulipiwa kando. Tiketi ikiwa moja kutoka Kisumu hadi mwisho wa safari, mzigo huandikwa mara moja hadi unakokwenda, na ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa aliyekuuzia kukutafutia nyingine. Zaidi ya hayo, mwenye kadi ya dhahabu ya mpango ulio ndani ya muungano wa SkyTeam, ambao Kenya Airways ni mwanachama wake tangu 2010, hupewa begi la ziada na kipaumbele hata anapopanda ndege ya mwanachama mwenzake. Muulize wakala wako akupe bei zote mbili, ya tiketi moja na ya tiketi mbili, pamoja na malipo ya mzigo ndani yake, na ikiwa lazima utumie tiketi mbili, panda ndege ya asubuhi na uhakikishe inatua Jomo Kenyatta, kwa maana ukitua Wilson itakubidi uvuke jiji na mabegi yako.

Ukishapata hesabu hiyo, maoni yangu ni haya. Kwa safari za idadi yako na kwa nauli unazonunua, usiikimbilie kadi chini ya masharti mapya. Usinunue safari usiyoihitaji mwishoni mwa mwaka ili kufikisha kiwango, na usipande daraja la biashara kwa fedha ambazo zingenunua mashine moja zaidi ya kupimia damu. Itumie dhahabu yako hadi siku ya mwisho iliyoandikwa, na kabla haijaisha uandikie kampuni mbili au tatu nyingine zinazotua Nairobi ukiwaomba wakulinganishie hadhi, yaani wakupe kadi ya ngazi kama hiyo kwa kipindi cha majaribio kwa kuonyesha kadi uliyo nayo. Ombi hilo lina maana tu wakati kadi yako bado ni hai. Angalia pia akaunti za biashara ndogo na za kati, ambapo kampuni yako iliyosajiliwa hukusanya pointi zake kando na zako kwa safari ile ile. Air France na KLM wanayo inayoitwa bluebiz, na kampuni nyingine kubwa zina za aina hiyo. Wafanyabiashara wetu wengi hawajawahi kuziulizia, ilhali zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kiwango chao.

Usiache kulalamika, na ulalamike kwa adabu na kwa tarakimu. Mwezi Septemba 2023 Delta ilitangaza masharti mapya ambayo kadi yake ya juu ingehitaji matumizi ya dola 35,000 kwa mwaka. Wateja walikuja juu kiasi kwamba mkurugenzi mkuu, Ed Bastian, alisema hadharani kuwa huenda walikwenda mbali kupita kiasi, na mwezi uliofuata kiwango kikashushwa hadi 28,000. Barua yako itaje idadi ya safari, jumla uliyolipa, na jambo moja mahususi unaloliomba, kama kuongezewa mwaka mmoja wa kadi au kushushwa ngazi moja badala ya mbili. Baadhi ya mipango ina kanuni hiyo ya kushuka ngazi moja kwa wakati, na wafanyakazi wa huduma mara nyingi hawaitaji mpaka uulize.

Zimebaki pointi zako 140,000, na kwa hizi ninakuhimiza usikae. Zamani kampuni zilichapisha jedwali la bei za tiketi za zawadi, nawe ukajua kwamba pointi kadhaa zinakufikisha mahali fulani. Delta iliondoa jedwali lake mwaka 2015, na Flying Blue ikahamia bei zinazopanda na kushuka mwaka 2018. Tangu hapo pointi ni kama fedha ya nchi ambayo serikali yake inaweza kushusha thamani usiku bila kumwuliza mtu, na kuweka akiba kubwa ndani yake ni kujiweka hatarini. Tena kuna mtego ambao barua uliyopokea huenda haikuutaja waziwazi: katika mipango kadhaa, Flying Blue ukiwemo, maili za mwenye kadi ya hadhi haziishiwi na muda, lakini ukishuka hadi ngazi ya mwanzo saa inaanza kukimbia. Kwa Emirates, pointi kwa kawaida huisha baada ya miaka mitatu.

Kwa binti yako, usihamishe pointi kutoka akaunti yako kwenda yake, kwani kuhamisha kwa kawaida hutozwa ada ambayo inaweza kula sehemu nzuri ya thamani. Mnunulie tiketi ya zawadi moja kwa moja kutoka akaunti yako, ukiandika jina lake kama lilivyo katika pasipoti. Kabla hujathibitisha, tazama kiasi cha fedha taslimu kilicho chini ya ukurasa, kwa maana kodi za viwanja na tozo za kampuni hubaki juu yako, na linganisha kiasi hicho na bei ya tiketi ya kawaida ya siku hiyo. Ikiwa tozo peke yake inakaribia nusu ya nauli, badilisha tarehe au jaribu kampuni mwenza ndani ya mpango huo huo. Fanya hivyo kabla ya mwaka mpya wa uanachama kuanza, na uchague tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe, ili kama ratiba yake ya masomo ikisogea usilazimike kuzirudisha pointi kwenye akaunti ambayo wakati huo itakuwa chini ya masharti mapya.